Nyuso Tatu Nilizozing'oa kwa Tindo

"Nyuso tu," nilisema. "Jiwe lenyewe tuliache."

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema nyumbani kwangu Al Amerat, nje ya Maskati, baada ya sala ya adhuhuri, mbele ya dada yangu na mumewe, wakati mdogo wetu yuko hospitali na mpira kooni, mashine inampumulia. Kwa muda mrefu nimejaribu kuyatia maneno hayo kwenye kinywa cha mtu mwingine. Shemeji yangu yangemkaa vizuri. Ana mdomo wa namna hiyo. Lakini shemeji alitaka jiwe zima likatupwe kwenye wadi, lile bonde kavu nyuma ya nyumba. Aliyetafuta njia ya katikati na kujiona mtu wa busara ni mimi. Ningesema hapana, mambo yangeishia pale pale. Nilikuwa mwenye nyumba, na mkubwa wao wote. Hakuna ambaye angenitoa kwangu.

Nikilikumbuka jiwe lile, kwanza hunijia kinyaa nilichokipata siku niliyoliona, kisha hunijia kinyaa kingine, cha kujichukia mwenyewe, na hicho hakitoki kwa kunawa.

Sisi ni wa Unguja. Mimi nilimaliza sekondari kule, tukaja Maskati miaka ya sabini tukiwa na Kiarabu cha msahafu tu: tuliweza kusoma sura nzima kwa ghibu, na hatukuweza kuagiza mkate dukani. Nikapata kazi ya kutunza ghala la ofisi moja ya serikali katika mji mkongwe, nikaifanya mpaka nikastaafu. Mdogo wangu alikwenda Uingereza kusoma, akabaki huko. Alifanya kazi kwenye makumbusho madogo katika mji wa kaskazini, karibu na ule ukuta mrefu uliojengwa na Warumi. Alianza kama mlinzi wa mlangoni. Wakaona mkono wake ni mwepesi, wakamfundisha kusafisha mawe ya kale kwa brashi na maji. Alioa kule, mkewe akafa, mtoto hawakujaaliwa. Alipostaafu alirudi kwetu, nami nikampa chumba cha chini, kile kinachofungukia majlisi, sebule ya wageni wanaume.

Vitu vyake vilifuata kwa meli: vitabu, makoti ambayo hapa hayana kazi, na jiwe. Wachukuzi wanne walilitua sakafuni huku wakinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza. Lilikuwa na ukubwa wa sanduku la safari, unene wa shubiri mbili, rangi ya mchanga uliolowa. Mdogo wangu akalifungua blanketi polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

Walikuwa wanawake watatu wameketi bega kwa bega kwenye kiti kimoja kirefu. Wa kwanza ana mkate mapajani. Wa pili ana kapu la matunda. Wa tatu amepakata kitoto kilichofungwa vitambaa mwili mzima, kimebaki uso tu, mdogo kama kokwa ya tende. Miguu hawakuwa nayo. Jiwe lilikuwa limevunjika chini ya magoti. Nguo zao zilichongwa kwa ustadi, mikunjo inateremka kutoka mabegani kama maji. Lakini nyuso! Macho makubwa yaliyotokeza nje, hayana mboni, kama ya samaki aliyelala juani. Pua kama kabari ya kuzuia mlango. Mdomo mkato mmoja tu. Ukienda kulia macho yanakutazama, ukienda kushoto yanakutazama.

"Hawa nani?" nikamwuliza.

"Mama," akasema. "Wenyeji wa kule, Wakelti, walikuwa wakiwaomba hawa kabla hajaja Mrumi. Hawakuwa wakiwachonga sana. Walikuwa wakiwaendea kwenye chemchemi, kwenye miti. Mrumi alipoingia na jeshi lake ndipo wenyeji wakajifunza kuwatia kwenye mawe, na kuandika majina chini."

"Wabaya hawa, mdogo wangu."

Akacheka. "Tazama nguo, kaka. Hii nguo ya bibi wa Kirumi. Kiti cha Kirumi. Nywele, za Kirumi. Fundi kafuata kila alichoambiwa mpaka kafika usoni. Hapo kakataa. Kachonga sura za kwao."

"Au alikuwa hajui kuchonga."

"Aliyejua kukunja nguo namna hii ashindwe na pua?" Akaufuta mkate wa mama wa kwanza kwa ncha ya kanzu yake. "Ndio sisi hawa, kaka. Dishdasha ya hapa, kilemba cha hapa, ukifungua mdomo tu, Ng'ambo ya Unguja."

Yeye aliona ni jambo la kuchekesha. Mimi sikucheka. Miaka yote ile ghalani nilikuwa nikijifunza kuufunga huo mdomo. Vijana wa ofisini walikuwa wakiyarudia maneno yangu kwa sauti ya pua, wanaulizana kama nimekuja na nazi mfukoni. Nikajifunza kutamka kama wao, kukaa kama wao, kunyamaza kama wao, mpaka watoto wangu mwenyewe nikawa nawajibu kwa Kiarabu wakinisemesha Kiswahili. Sasa mdogo wangu ananiletea ndani ya nyumba jiwe la kunikumbusha, tena lenye macho.

Alikuwa na daftari kubwa alimochora kwa penseli mawe mengine ya aina hiyo. Jioni alinionyesha, nitake nisitake. Mungu mwenye pembe za paa aliyekaa na miungu miwili ya Kirumi kama mgeni aliyekosea karamu. Mwanamke aliyepanda farasi upande upande. Mtu wa ndevu mwenye nyundo ndefu, kavishwa joho la wakubwa wa Roma. Wengi walikuwa na majina mawili, la kienyeji na la Kirumi, yameandikwa pamoja. Mdogo wangu alisema ni kama mtu mwenye jina la nyumbani na jina la kazini. Sikuwa na hamu na miungu ya watu, lakini nilipenda kumsikiliza akisema. Alikuwa akisahau kukohoa.

Halafu siku moja, baada ya alasiri, akaniambia lile lililokuwa likimla.

Jiwe alilipewa na bibi kizee aliyempangisha nyumba. Lilikuwa limejengewa ndani ya ukuta wa zizi la kondoo, sura zimeelekea ndani, hakuna aliyejua. Zizi lilipobomoka, bibi akamwambia, wewe unayapenda mawe, chukua. Miaka ikapita. Halafu kule kwenye makumbusho, siku anafuta vumbi kwenye rafu za chini, akakuta kipande cha jiwe la rangi ile ile chenye miguu sita imepangwa mstari, na chini yake majina yaliyoandikwa Kirumi. Miguu bila watu. Akajua hapo hapo watu wako wapi.

"Ukasema?" nikamwuliza.

"Sikusema. Niliwapenda. Nikanyamaza mpaka nikastaafu, nikawapakia pamoja na masufuria nikaja nao huku bila ya kumwambia mtu. Huo ni wizi, kaka. Mwizi wa kunyamaza ni mwizi."

Kwa hiyo alikuwa amewaandikia watu wa makumbusho. Mwanamke mmoja wa kule aliyefanya kazi naye alimjibu kwa upole, akamwambia walete, watawaunganisha na miguu yao. Kasha la mbao lilikuwa limeshaagizwa kwa seremala. Ilibaki wiki mbili au tatu.

"Moyo wangu haunipi ahadi," akasema. "Likinifika la kunifika, jiwe liende. Hii amana, kaka. Nakuachia wewe, simwachii mwengine."

"Nimeipokea," nikasema. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na kikombe cha kahawa mkononi.

Siku tisa baadaye hakuamka kwa sala ya alfajiri. Tulimkuta sakafuni. Hospitali walimtia mipira, na daktari akatuita pembeni akatuambia tujiandae. Alikuwa daktari mpole na alitaka kutusaidia. Sisi tukamfahamu namna yetu.

Kwetu, nyumba huandaliwa kabla ya maiti. Ni aibu watu kuja kutoa pole wakakuta mazulia hayajatandikwa. Dada yangu, ambaye ni wa kati yetu, akaja na mtumishi wake wakaanza kufagia. Akaagiza halwa, sinia nne. Akapiga simu kuuliza bei ya hema na viti. Haya yote mwenyewe akivuta hewa, au akivutiwa. Mimi nilikuwa nikiona na sikusema kitu. Niliona ni heshima kwa mdogo wangu.

Shemeji akaingia chumbani kwa mgonjwa kupima nafasi ya mazulia, maana wanaume wangejaa majlisi mpaka kule. Akatoka na kijiti cha meno mdomoni.

"Ya akhi," akasema, "kuna mabibi watatu huko ndani. Watasoma hitima na sisi?"

"Lile jiwe lake la kazi," nikasema.

"Jiwe lina macho."

Dada akaenda kuchungulia, akarudi ameshika kifua. "Astaghfirullah. Kaka, hivi vitu vyalala na wewe nyumba moja? Malaika hawaingii penye sanamu. Watu watakuja kumsomea nduguyo, dua zitapita wapi?"

"Hajafa," nikasema.

"Nani kasema kafa? Nnasema akifa."

"Tutalifunika shuka."

Shemeji akauchomoa ule mti wa meno, akautazama ulichokipata, akaufutia kwenye mkono wa kiti changu. "Ukimfunika nguruwe shuka, anakuwa mbuzi?"

Dada akaanza kulia. Alisema watu wa msikitini watasema nini, watasema mtu yule kwa miaka aliyoishi na makafiri alirudi na miungu yao, na kakaake mkubwa amemtunzia. Mimi nikauona mdomo wa kila mmoja wao ukisema. Nikawaona wale vijana wa ofisini, ambao sasa ni wazee kama mimi na wangekuja kwenye matanga kwa adabu ya mji, wamekaa mbele ya zile nyuso, wanatazamana.

"Litupwe kwenye wadi," shemeji akasema. "Naita wafanyakazi watatu sasa hivi."

Ndipo nikasema ile kauli yangu ya busara. Nyuso tu. Tulifundishwa tangu wadogo kwamba sanamu isiyo na uso si sanamu, ni jiwe kama jiwe. Mama yetu, Mungu amrehemu, kila aliponunua mkebe wa biskuti wenye picha ya mwanamke, alikuwa akichukua kisu na kuukwangua uso kabla ya kuuweka mkebe kabatini. Nyumba yetu ya Unguja ilijaa mikebe ya wanawake wasio na nyuso. Tuliwaona ni kawaida. Niliwakumbusha.

"Eeh!" dada akasema, akifuta machozi. "Mama alikuwa akifanya hivyo. Na mdoli wangu alimkwangua."

Tukacheka, sote watatu, kwa kumkumbuka mama na kisu chake. Shemeji akasema, "Basi fundi ni wewe. Wewe ndiye mwenye tindo." Na kweli tindo ninayo, ile patasi ya chuma ya kukatia zege, nilijifunza kuitumia nilipojijengea uzio. Nikaenda kuichukua. Nilitembea kwa miguu yangu mpaka kwenye kabati la vifaa na nikarudi, na njiani sikufikiria neno amana hata mara moja. Au nililifikiria nikajiambia, jiwe si litakwenda? Litakwenda. Sikuahidi nyuso.

Lilikuwa jiwe laini. Sikulijua hilo. Pua ya mama mwenye mkate iliruka kwa pigo la kwanza, ikagonga ukuta, na pigo la pili likaingia jichoni. Nilizima kiyoyozi ili kisinywe vumbi, na jasho likawa linanidondokea juu ya mikono yao. Vumbi liliniingia kinywani. Lilikuwa na ladha ya chumvi na ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Nilitema mate sakafuni, chumbani kwa mdogo wangu, karibu na viatu vyake.

Nimejiahidi kuandika kweli, kwa hiyo naandika na hili. Nilifurahi. Kufika kwa mama wa pili nilikuwa nimeshapata mwendo, na kila lilipotoka jicho nilisikia raha kifuani, raha chafu, kama ya mtu anayejikuna kidonda. Sikuwa nikivunja sanamu kwa ajili ya malaika. Nilikuwa nikizipiga zile sura zilizonitazama na kunijua.

Nilipodhani nimemaliza, dada akasema kutoka mlangoni, "Na mtoto, kaka. Mtoto naye ana uso."

Nilitazama. Kweli alikuwa nao. Ulitoka kwa kuguswa tu.

Shemeji alizoa vipande akavitia kwenye gunia la mchele. Alikuwa anakwenda pwani ya Yiti kutafuta samaki wa kulisha wageni, akasema atavitupa huko huko baharini, visikae karibu na nyumba. Aliniosha mikono kwa birika kama mtu aliyemaliza kuchinja.

Siku ya tatu yake hospitali wakapiga simu. Mdogo wangu amefungua macho. Kesho yake walimtoa mpira. Dada alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Halwa ilikuwa imeshafika, sinia nne, mbili nyeusi na mbili za zafarani, na halwa hairudishwi. Tukaila. Watu waliokuwa waje kutoa pole wakaja kutoa hongera, wakakaa kwenye mazulia yale yale ya matanga, wakajichotea kwa vidole vitatu, mafuta yanawashuka viganjani, wanasema Alhamdulillahi. Mimi pia nilikula. Mpaka leo nikiisikia harufu ya zafarani na mafuta ya samli kwa pamoja, huinuka nikaondoka.

Mgeni mmoja aliweka kikombe chake juu ya paja la mama mwenye kapu. Hakuna aliyeuliza jiwe lile ni nini, isipokuwa imamu wetu mzee. Alilitazama muda mrefu, akagusa mahali palipokuwa peupe, palipochimbika upya.

"Hili limevunjwa juzi," akasema. "Lilikuwa la nani?"

"La mdogo wangu."

"Alikubali?"

Shemeji akainamia zulia kama aliyeangusha sindano. Nikasema, "Alikuwa hana fahamu, maalimu."

"Mngelifunika shuka," akasema yule mzee, akaomba maji ya kunawa, akaondoka bila kula.

Nilipata wiki mbili kabla mdogo wangu hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Nikazitumia kama mwoga. Siku nne nzima nilitunga maneno. Ya tano nikatoa gari nikaenda Yiti, kwa kuwa shemeji, nilipombana, alisema hakuvitupa baharini hasa. Alikuta maji yamekupwa, hakutaka kulowesha viatu, akalimwaga gunia kwenye taka pale wavuvi wanapotengenezea samaki.

Nilipiga magoti pale nikiwa na kanzu nyeupe. Matumbo ya jodari, vichwa vya papa, nyavu zilizooza, chupa, nepi za watoto wa watu waliokuja kupunga upepo. Nzi waliniingia masikioni. Mvuvi mmoja akanisogelea akaniuliza, kwa huruma, kama nimepoteza pete. Nikamwambia nimepoteza mawe. Akayatazama mawe yote ya pwani ile, akanitazama na mimi, akaondoka. Nilichakura mpaka mikono ikaanza kuwasha. Nikapata kipande kimoja, ukubwa wa nusu ya ndimu: kidevu, na ule mkato wa mdomo. Sikujua ni wa mama yupi. Mimi ndiye niliyekuwa uso kwa uso nao, na sikujua.

Siku aliyorudi, dada alimtandikia kitanda na kumfukizia udi. Jiwe nilikuwa nimelifunika shuka. Sasa lilikuwa na shuka. Mdogo wangu alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Aliketi kitandani akalitazama lile shuka, akatazama mazulia mapya, akatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Mlinizika," akasema.

"Usiseme hivyo," dada akasema. "Tulikuwa tunakuombea."

"Halwa ilikuwa nyeusi au ya zafarani?"

Akajivuta mwenyewe mpaka kwenye jiwe, akaliondoa shuka.

Nilitegemea kelele. Ningezishukuru. Alipitisha kidole chake pale palipokuwa na jicho, taratibu, kisha pale pa mwenziwe, kisha akafika kwa mtoto, akasimamisha kidole hapo.

"Nani?"

Shemeji alikuwa hayupo. Alipata shughuli ghafla siku hiyo. Dada alinitazama. "Mimi," nikasema. Hilo angalau sikulikimbia. Nikamweleza yote: daktari, hitima, malaika, wadi, mikebe ya mama. Nikamwambia, kama si mimi lingetupwa zima.

"Kwa hiyo nikushukuru."

"Sisemi unishukuru. Nnakwambia ilivyokuwa."

"Ulipokea amana, kaka. Kwa kahawa yako mkononi. Ukaivunja ili watu wasome Kurani juu yake." Sauti ilikuwa ndogo, mpira ulikuwa umeikwangua. Kisha akalikagua jiwe kwa jicho lake la kazini, kama angetakiwa kuliandikia ripoti. "Nguo hukuzigusa. Kazi safi. Cha Mrumi chote umekiacha. Umetoa cha kwao tu."

Nikatoa kile kipande mfukoni. Nilikuwa nimekisafisha kwa sabuni mara tatu na kukifunga kwenye karatasi laini. Akakipokea, akakinusa.

"Kinanuka papa," akasema.

Nikadhani atacheka. Alikuwa na kicheko cha karibu, tangu mdogo, na kama angecheka pale ningejua pa kuanzia. Alikifunga tena kwenye karatasi yake, akakitia mfukoni mwake.

Seremala alileta kasha. Daktari alimkataza kusafiri. Mdogo wangu akasema jiwe haliendi peke yake tena, safari hii litakuwa na mtu. Aliwaandikia kule akawaeleza lililotokea na akawapelekea picha. Yule mwanamke akajibu kwamba walete hata hivyo. Katika wiki hizo tuliishi nyumba moja. Alinisalimia asubuhi, alisali nyuma yangu, alinipisha mlangoni. Tuliongea Kiarabu. Hilo ndilo alilolibadilisha. Kila nilipomsemesha Kiswahili alinijibu Kiarabu, safi, cha ofisini, kama nilivyokuwa nikiwafanyia wanangu, na mimi sikuwa na haki ya kumlalamikia.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Njiani nilimwomba msamaha, kuanzia mteremko wa Al Amerat mpaka taa za chini. Akasema kwa Kiarabu, "Mungu anasamehe." Nilingoja aongeze na lake. Alikuwa anatazama dirishani.

Kule kulikuwa baridi inaanza. Yule mwanamke wa makumbusho alinipelekea picha moja kwenye simu, sijui kama kwa ruhusa ya mdogo wangu au kwa huruma yake mwenyewe. Mama watatu wamekaa juu ya miguu yao sita, chini yao majina yao, na juu ya shingo mashimo matatu meupe. Pembeni, kwenye kioo kidogo, kidevu cha Yiti. Mdogo wangu amesimama nyuma na koti lake, hatazami kamera.

Nilimwandikia mara nyingi. Ujumbe ulionyesha umesomwa. Kisha siku moja ukawa hausomwi. Nikajiambia simu imeharibika. Wiki tatu baadaye yule mwanamke aliandika tena, akaomba radhi kwa kuchelewa. Walikuwa wametafuta jamaa zake kwenye karatasi za hospitali, na pale mahali pa kuandika ndugu wa karibu, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika kwamba hana. Waislamu wa mji ule, watu wasiomjua, walimwosha wakamsalia wakamzika. Mwanamke yule alisema mvua ilinyesha na walikuwa wanane.

Tukasoma hitima nyumbani kwangu, kwenye chumba kile kile. Dada aliagiza halwa. Chumba hakina sanamu hata moja sasa, na kama malaika wanaingia, wanaingia. Shemeji alisoma kwa sauti nzuri.

Dada huniambia nisijitese, ajali haina kinga, na moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Ni kweli ulikuwa mbovu. Lakini sikupoteza ndugu kwa maradhi. Nilikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki duniani aliyenijua kabla sijajifunza kujificha, akaniachia kitu kimoja nimtunzie, nikakivunja ili watu nisiowapenda wasinicheke. Alikufa hajanisamehe, akaandika kwamba hana ndugu, na kaburi lake sijui liko upande gani.